Konstrakta hairithiwi, wanafunzi waambiwe mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu tunaofundisha programu kwa lugha ya Java, pamoja na wanaoandaa vijitabu vya somo hilo, kuhusu kauli tunayoirudia darasani bila kuipima: kwamba klasi mtoto hurithi kila kitu cha klasi mzazi (klasi ni kiolezo cha kuundia vitu katika programu, na klasi mtoto ni ile inayojengwa juu ya nyingine, ya mzazi). Kauli hiyo si sahihi, na inawapotezea vijana wetu muda mwingi.

Methodi za mzazi, yaani vitendo ambavyo klasi inaweza kuvifanya, hurithiwa, lakini konstrakta, yaani ile sehemu inayokiandaa kitu kipya pale kinapoundwa, hairithiwi. Katika mirathi tunayoijua sote, mtoto hurithi shamba, nyumba na ng'ombe. Kuzaliwa kwa baba yake hakurithi, ana kuzaliwa kwake.

Hivi karibuni mwanafunzi wangu aliandika klasi ya Akaunti, ambayo konstrakta yake inadai namba ya akaunti na salio la kuanzia. Akaandika tena AkauntiYaAkiba, akaiongezea kiwango cha riba, akaishia hapo. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikakataa. Alikaa karibu saa nzima akikagua mabano na nukta mkato, wala hapakuwa na kosa huko. Java humpa mwandishi konstrakta tupu, isiyodai taarifa yoyote, pale tu ambapo yeye hakuandika yoyote. Akishaandika moja yenye vigezo, yaani inayodai taarifa kama namba na salio, ile ya bure haitolewi tena, na klasi mtoto, ambayo isipoelekezwa vinginevyo huita kimyakimya konstrakta tupu ya mzazi, hukosa cha kuita.

Kilichonisikitisha zaidi ni dawa aliyopewa na mwenzake, ya kuongeza konstrakta tupu kwenye Akaunti. Kompaila ilinyamaza, programu ikaendeshwa, na akaunti za akiba zikafunguliwa zikiwa na salio la 0 na bila namba yoyote. Fikiria kosa hilo likiingia katika mfumo wa chama cha kuweka na kukopa. Kilichohitajika ni konstrakta ya mtoto yenye mstari mmoja wa super, neno la Java la kuita konstrakta ya mzazi, wa kumpelekea mzazi namba na salio kabla mtoto hajaweka riba yake, kwa kuwa konstrakta ya mzazi ndiyo inayotangulia kukamilika, kama msingi unavyotangulia kuta.

Simlaumu kijana huyo. Alianza na lugha ya Python, ambako klasi mtoto isiyo na __init__ yake, methodi inayofanya kazi kama ya konstrakta, hutumia ya mzazi bila shida, na ikiwa nayo, ya mzazi haiitwi mpaka iombwe. Wazo la urithi ni lile lile lililotoka Oslo, Norwe, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, lakini kila lugha iliyolipokea ilijiwekea kanuni zake za kuunda vitu, na kanuni hizo ndizo tunazoziruka haraka ili tuwahi mitihani.

Ninaomba, basi, somo la urithi lianze na klasi mbili fupi, ya mzazi na ya mtoto, kila moja ikiwa na konstrakta inayoandika neno moja kwenye skrini, ili mwanafunzi aone kwa macho yake ni neno lipi linalotangulia, kabla hajafundishwa methodi hata moja ya kurithi.

Mwalimu wa kompyuta,
Morogoro