Hata ndani ya gemu, nyumba ya mtu hubishwa hodi

Mhariri, assalaam aleikum. Naandika nikiwa dukani hapa Langoni, Lamu, stima imepotea tangu asubuhi na laptopu imebaki na chaji asilimia 30, kwa hivo ntajaribu kuwa mfupi ingawa wanaonijua watacheka wakisikia hivo.

Majuzi mlichapa barua ya mzazi mmoja wa Malindi aliyesema gemu za kompyuta zote ni kamari na vijana wakatazwe. Sikatai yote. Hapa mtaani wapo vijana wanaomaliza pesa ya samaki kwa kubeti kabla hata nyavu hazijakauka, na hao hao ndio wanakuja kwangu kukopa kredi. Lakini kubeti ni kubeti, gemu ni gemu, mzee akicheza bao barazani hakuna anayemwita mcheza kamari. Neno "zote" ndilo lililonikaa kooni, manake kuna gemu ambazo ni hadithi tupu, na moja imenikosesha usingizi mwezi mzima.

Inaitwa Neverwinter Nights. Ni ya zamani, BioWare wa Kanada waliitoa 2002, alafu 2018 kampuni ya Beamdog ikaitengeneza upya, na sisi wa laptopu za mitumba tunaipenda manake haitaki mashine ya ajabu. Inafuata sheria za Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ulioanza Marekani 1974, watu wanakaa pamoja, mmoja anatamba hadithi na wengine wanakuwa ndio wahusika, dadu ya pande 20 ikirushwa ndio inaamua upanga umempata mtu au umepita hewani. Yaani ni paukwa pakawa, ila anayeitikia pakawa naye ana ruhusa ya kuiharibu hadithi yako.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Waliounda gemu hii waliitoa pamoja na karakana yake, programu inaitwa Aurora, mtu yeyote anakaa nyumbani kwake anajenga mji, anaweka watu, anawaandikia la kusema, akimaliza anatoa faili inaitwa moduli na wenzake wanaicheza bure. Walioandika si wafanyakazi wa kampuni, ni wapenzi tu, na kazi zao ni maelfu. Hakuna pa kuweka dau hata ukitafuta.

Ya kwangu niliipata kwa binamu yangu wa Mombasa, aliipakia kwenye flashi akampa mtu wa basi, ikafika Mokowe, ikavuka na boti pamoja na magunia ya vitunguu. Naitia kwenye folda yake, nafungua, gemu inagoma, inasema kuna faili za hak hazipo. Hizo hak ndizo zinabeba vitu vya ziada alivyoongeza mwandishi, nyumba, nguo, sura za wanyama, bila hizo hufungui kitu. Binamu alinitumia moduli akasahau hak, yaani nilikosa haki yangu kabisa. Ikabidi ninunue bando nidaunlodi saa tisa usiku wakati mtandao umelala na wenyewe.

Nikaanza. Kijiji kidogo, mvua, mfinyanzi na mkewe. Mimi na mazoea yangu nikaingia kila nyumba nikafungua kila sanduku, manake gemu za aina hii zimetufundisha hivo, shujaa anaokoa dunia huku anakomba vikombe vya watu na hakuna anayemuuliza. Kwa mfinyanzi nikachukua bangili na sarafu 11.

Bibi yangu alikuwa nyuma yangu anachambua mchele. Yeye kompyuta haijui lakini macho anayo. Akasema, "Mtu huyu mbona yuwaingia nyumba za watu bila hodi?" Nikamwambia bibi hii ni gemu tu. Akanyamaza akaendelea na mchele wake, ule unyamavu wa wazee ambao ni heri wangekutukana.

Baada ya masaa kama manne hivi nahitaji kupita kwenye shimo la madini na mwenye ufunguo ni yule mke wa mfinyanzi. Naenda kuzungumza naye, nategemea atanipa kazi ya kuua panya kama kawaida. Akaniuliza kama ile bangili nimeshaiuza. Wallahi nilishtuka kama nimeshikwa dukani kwa mtu. Majibu yakatokea matatu, kukana, kulipa, au kuondoka bila neno. Nikakana, dadu ikarushwa kimya kimya, nikashindwa, mlango ukafungwa usoni mwangu. Bibi akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Nilikwenda kuifungua moduli ile ndani ya Aurora nione imefanywaje. Kumbe ni jambo dogo sana. Sanduku limetiwa skripti, yaani maagizo ya kompyuta, ya mistari michache, ukilifungua inaandika namba 1 mahali, na yale mazungumzo ya mke wa mfinyanzi yanaichungulia hiyo namba kabla hajafungua mdomo. Basi. Lakini ni nani alikaa akafikiria kwamba mwanamke yule atakuwa anaikumbuka bangili yake? Mtu simjui, hana jina ila la mtandaoni, hakulipwa hata shilingi.

Huyo huyo mtu lakini kaniudhi mbele. Sehemu ya pili kaweka mji wa pwani eti, watu wa vilemba, ngamia wamejaa gatini, majini kwenye chupa, na baharini zimefungwa meli za milingoti mitatu za Kizungu. Jahazi hata moja hakuna. Mtepe hakuna. Ngamia gatini anafanya nini jamani, anangoja boti? Punda hata mmoja sikumuona. Nikasema huyu bwana kijijini anakujua, baharini hakujui, na badala ya kulalamika nikafungua Aurora mwenyewe nijenge mji wetu.

Na hapo nikajua kwa nini meli zilikuwa zile. Unajenga kwa vile vilivyopo. Ardhi ya gemu hii inapangwa kwa vigae vya mraba, kila kimoja kinahesabiwa mita 10 kwa 10, na kichochoro chetu cha Lamu punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kichochoro changu cha kwanza kilitoka kipana kama barabara ya lami. Ilibidi nijaze mitungi, madebe na mabaraza ya mawe pande zote mbili mpaka pakabanana, na hata sasa bado panapita upepo mwingi kuliko unavyofaa.

Hadithi niliyochagua ni ya Fumo Liyongo, na nawaambia hakuna shujaa aliyezaliwa kwa gemu kama yeye. Jitu halipenywi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo anaitoa mwanawe mwenyewe. Lakini mchezaji sikumfanya Liyongo. Nimemfanya Saada, kijakazi, anayempelekea Liyongo chakula gerezani alikofungwa. Mama Liyongo anakupa mikate na ni juu yako ile tupa ya kukatia pingu uifiche kwenye upi. Ukiitia kwenye mkate mzuri walinzi wanaula wao na umekwisha. Ukiitia kwenye ule wa wishwa wanaucheka wanakurushia, upeleke. Usiku ngoma ya gungu inapigwa nje na mlio wa tupa unamezwa na matoazi. Na nyumba zote za moduli yangu zina hodi, ukiingia bila kubisha mpaka asubuhi mji mzima una habari zako. Hilo bibi kalisimamia mwenyewe.

Nilipokwama ni kisimani. Kwenye hadithi Liyongo baada ya kudungwa anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta uta na mshale na anakufa vile vile, na watu wa mji hawathubutu kuja kuteka maji manake wanadhani yu hai. Gemu haijui mtu aliyekufa akiwa amepiga goti, anayekufa lazima aanguke. Ikabidi nimuache hai, nimgandishe kwa skripti, na wanawake nimewapanga mbali na ndoo zao. Mchezaji anatazama tu, hajui amkaribie au la. Nimeicheza mwenyewe mara kadhaa na mkono unatetemeka ingawa skripti ni yangu.

Kwa hivo Mhariri nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike kabla laptopu haijazima. Wazee wa Pate na Siyu wanaosoma gazeti hili, na wa Ozi kule wanaosema kaburi la Liyongo ni lao, naomba waandike kupitia kwenu: mamake Liyongo alipokwenda kisimani kumsihi aondoke, alimwambia nini? Bibi yangu analijua kwa njia moja na jirani yetu wa Mkomani kwa nyingine kabisa, wamegombana wiki nzima hawaamkiani, na mimi pale kwenye mazungumzo ya mama nimeacha mstari mtupu.

Mpenda hadithi,
Langoni, Lamu