Kaka asema nilikula jasho la watu wakati wa korona, sasa hataki kukaa kwenye posa ya binti yangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia alfajiri, usingizi umenikataa tangu mama aliponipigia simu jana. Kaka amelisema tena lile neno, na safari hii mbele ya wazee: kwamba mwaka wa 2020 nilikula jasho la watu wa kijijini huku nimejificha mjini Mombasa. Nimejificha! Mji wenyewe ulikuwa umefungwa, na wewe unajua, sote tulikuwa humu humu.

Mimi nauza nazi. Mzigo unatoka kwetu Kwale, nauza soko la Kongowea, na wateja wangu wakubwa walikuwa wenye mikahawa ya Mji wa Kale. Kaka ndiye aliyenikusanyia kwa majirani, mali kauli, nikiuza natuma pesa. Tumekwenda hivyo miaka na hakuna aliyelalamika. Alipokuwa akiezeka nyumba yake mabati yalitoka kwangu, lakini hilo halisemwi mbele ya wazee.

Mzigo anaoushikilia ni wa Ramadhani ya mwaka ule. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni, na tangu tarehe 8 Aprili hakuna mtu kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale wala Kilifi. Vyakula viliruhusiwa kupita, kwa hivyo lori lilikuja na dereva na utingo wake, ila mimi sikuweza kwenda kuchagua wala kuhesabu. Nikapokea nilicholetewa. Nikasema si neno, Ramadhani haiendi bila tui. Kisha tarehe 6 Mei wakafunga Mji wa Kale wenyewe, na mikahawa ya ndani ikapigwa kufuli. Walioagiza wakawa upande ule, nazi zangu upande huu. Nilizouza niliuza kwa bei ya kutupa, zilizobaki zikaota. Nani atakununulia nazi iliyoota, Shangazi? Watoto walikula joya la ndani yake mpaka wakalikinai.

Nilichopata nilituma. Siku zile kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure, basi nikawa natuma elfu moja, nikipata nyingine natuma elfu moja, ili ada isile hata senti. Leo anasema nilikuwa nampa sadaka, na hataki kuzihesabu. Nyingine nililipia kodi, ndiyo. Nyingine nilinunua unga, ndiyo. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa, hakuna biashara. Alitaka niwape nini?

Lakini linalonikata maini ni hili la Juni. Anawaambia watu kwamba Juni njia zilifunguliwa na mimi sikutokea, kwa hivyo nilikuwa nakimbia deni. Kwale na Kilifi ndizo zilizofunguliwa, tarehe 7 Juni. Mombasa tulibaki ndani mpaka tarehe 7 Julai. Mwezi mzima! Feri ilikuwa inavuka, lakini feri inakuteremsha Likoni, na Likoni bado ni Mombasa. Ningepita wapi? Nimemweleza, mama nimemweleza, na kila akipata hadhira anarudia Juni, Juni.

Sisemi wao hawakuumia. Ndege za nje zilisimamishwa mwisho wa Machi na hoteli za Diani zikafunga moja baada ya nyingine, mwanawe wa kwanza akarudishwa nyumbani bila mshahara. Madafu yaliyokuwa yakienda ufukweni yakakosa mnywaji. Hata mangwe, vilabu vya mnazi, zilifungwa, na mimi si mtu wa mnazi, lakini wagema wale ndio waliokuwa wakinunua dukani kwa wifi yangu. Pesa ilikauka kijiji kizima. Majirani wakaenda kwa kaka kudai nazi zao, kwa sababu walimpa yeye kwa neno lake, akauza ng'ombe akawalipa. Sikumwambia auze ng'ombe. Angeniuliza ningemwambia asubiri. Hakuniuliza, na sasa ng'ombe yule ametiwa kwenye deni langu.

Anadai 38,000. Kwa hesabu yangu hazizidi 20,000, ukitoa zile nilizotuma.

Haya yote ningeyameza kama nilivyoyameza miaka hii. Sasa binti yangu ameposwa, kijana wa watu wazuri wa Mtongwe, na wazee wao wanakuja mwezi ujao. Wewe wajua kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kualikwa akipenda. Kaka amesema hakai jamvini mpaka nilipe zote, na nikizileta, nizitoe mbele ya wazee wale wale. Mama analia. Baba wa mtoto anasema tuendelee bila yeye, wako wajomba wa mbali. Mimi mwenyewe nilimwambia mama simhitaji, asije, na nilikuwa na maana hiyo. Lakini jana usiku nikajiona nahesabu viti na nikamhesabu.

Pesa si kwamba hazipo kabisa. Zamu yangu ya chama imekaribia, nilizitenga kwa ajili ya harusi. Nikimpa, harusi itakuwa ya chai na mahamri, na hilo silijali sana. Ninachojali ni kwamba nikitoa 38,000 mbele ya wazee, nimekubali kwamba nilikula. Nimekubali Juni. Watoto wangu watatajiwa hilo mpaka nitakapozikwa. Nisipotoa, binti ataozwa mjomba wake wa damu yuko hai, ng'ambo tu ya kivuko, na watu wa mume watauliza kwa nini.

Simwogopi kaka, na wala sitaki aniombe radhi. Ingawa angesema mara moja tu, mbele ya hao hao, kwamba Mombasa ilikuwa imefungwa, ningempa pesa zote siku hiyo hiyo, na ng'ombe wake juu.

Shangazi, nilipe kwanza halafu nidai jina langu, au nidai jina kwanza? Na nimtume nani? Mama hawezi tena, na wifi, kwa anavyoliandika deni hilo daftarini, simwamini. Watu wa Mtongwe wanataka kuthibitishiwa siku ya kuja, na jibu walipate kabla ya Ijumaa ijayo.

Mama wa Binti, Mombasa