Mfanyakazi anayehamahama apewe printa ya mahali alipo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka siku linapowafika, nalo ni namna printa za mtandao zinavyogawiwa kwa wafanyakazi wasio na dawati la kudumu. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kwa miaka kadhaa nimehudumia ofisi yenye ghorofa na matawi kadhaa, ambako mtu huweza kufanya kazi asubuhi ghorofa ya kwanza, mchana akawa ghorofa ya tano, na kesho yake akaripoti tawi jingine kabisa. Utaratibu huu wa kuhamahama umeenea, lakini printa tunaendelea kuzigawa kana kwamba kila mtu bado anacho kiti chake kimoja.

Nieleze kisa kilichonifanya nishike kalamu. Mfanyakazi mmoja wa idara ya utumishi alipelekwa tawi jingine kwa wiki moja. Aliingia kwenye kompyuta aliyoikuta huko kwa jina lake na nywila yake, akafungua barua iliyohusu ugonjwa wa mwenzake, akaagiza ichapwe. Printa iliyokuwa hatua chache kutoka alipokaa haikutoa hata mlio. Akaagiza mara ya pili, kisha ya tatu. Nakala zote tatu zilikuwa zimetoka kwenye printa ya ghorofa aliyoiacha, zikakaa kwenye trei hadi mtu mwingine, aliyekwenda kuchukua karatasi zake, akazichukua pamoja na zake na kuzisoma. Mama yule hakukosea hatua hata moja. Kosa lilikuwa letu sisi tuliopanga mfumo, na mgonjwa aliyesomwa habari zake hakuwa na njia ya kuzirudisha siri.

Chanzo chake ni hiki. Katika Windows, printa iliyounganishwa kupitia seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi, huandikwa upande wa mtumiaji, wala si upande wa kompyuta. Ofisi inayotumia profaili zinazohama, yaani mpangilio wa mtu unaohifadhiwa kwenye seva na kushuka kwenye kompyuta yoyote anayoingia, huwa imempa mfanyakazi pia mzigo wa printa zote alizowahi kuunganishwa nazo, pamoja na ile iliyowekwa kuwa chaguo lake la kwanza. Anapofika mahali papya, kompyuta inatii kumbukumbu ya alikotoka. Tena tangu toleo la Windows 10 la Novemba 2015, mfumo unaweza kujichagulia wenyewe printa ya kwanza kwa kuangalia ile iliyotumika mwisho, mpangilio unaomfaa mtu mwenye printa moja nyumbani na kumpoteza kabisa anayezunguka ghorofa tano.

Mzigo huo una adha nyingine. Niliwahi kufungua orodha ya mfanyakazi mmoja aliyekuwa akilalamika kwamba kompyuta huchukua muda mrefu mno kufunguka asubuhi, nikakuta printa 14, ambapo nne kati yake mashine zenyewe zilikwisha kuondolewa na seva iliyozihudumia ilikwisha kuzimwa. Kila alipoingia, kompyuta yake ilikuwa ikiita seva isiyokuwepo na kungoja jibu lisilokuja. Nilipozifuta zile nne, malalamiko yakaisha siku hiyohiyo.

Rai yangu kwa mafundi wenzangu na kwa wakuu wa ofisi ni kwamba printa igawiwe kwa kufuata mahali mtu alipokaa. Nyenzo za kufanya hivyo si ngeni. Tangu mwaka 2008 kanuni za Group Policy, yaani utaratibu wa Windows wa kuzipangia kompyuta nyingi za ofisi kwa pamoja, zimempa msimamizi uwezo wa kuagiza kwamba printa fulani iunganishwe pale tu kompyuta inapokuwa kwenye fungu fulani la anwani za mtandao, au katika tawi fulani, au katika kundi fulani la kompyuta. Kwa kompyuta zisizohama, zilizofungwa kwenye madawati ya wote, upo pia mpangilio unaofanya kanuni za mtumiaji zisomwe kwa kufuata kompyuta aliyoikalia, hivyo yeyote anayeketi pale hupata printa ya pale. Yule mama wa utumishi angepata printa iliyokuwa karibu naye bila kumwuliza mtu.

Lakini nisilifanye jambo hili lionekane jepesi kuliko lilivyo, kwa maana nimejikwaa humo mwenyewe. Kwanza, ukichagua kwamba printa iondolewe na kuunganishwa upya kila mtu anapoingia, badala ya kurekebishwa tu pale panapohitajika, unairudisha ile adha ya kungoja asubuhi, na mara nyingi unavuruga chaguo ambalo mtumiaji alijiwekea kwa sababu zake za msingi. Pili, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, kanuni ya anwani hufanya kazi vizuri kwa kompyuta zilizochomekwa waya, ambapo kila ghorofa ina fungu lake, ila mtandao usio na waya mara nyingi hugawa anwani za fungu moja kwa jengo zima. Mwenye kompyuta mpakato akipanda kutoka ghorofa ya pili hadi ya tano, anwani yake inabaki ileile, na mfumo unaamini bado yuko chini. Tena kanuni hizi husomwa zaidi mtu anapoingia. Aliyefunika kompyuta yake na kuifunua ghorofa nyingine bila kutoka na kuingia upya hukuta orodha ya zamani. Asiyeyajua haya atapanga kanuni zake kwa uangalifu mkubwa, azijaribu kwenye kompyuta ya mezani, aone zimefaulu, kisha ashangae simu za malalamiko zinazidi.

Ndiyo maana kwa wanaotembea na kompyuta mpakato naona njia bora ni ile ya kuzuia kazi kwenye foleni moja mpaka mwenyewe afike. Mfanyakazi huchapa kwenye foleni moja tu, ileile kila siku na kila tawi. Waraka wake unabaki kwenye seva. Naye anakwenda kwenye printa yoyote iliyo karibu, anagusisha kitambulisho chake au anaingiza namba yake, ndipo karatasi zinapotoka mbele ya macho yake. Hapo swali la ghorofa gani halina nafasi tena, na barua ya mgonjwa haiwezi kulala kwenye trei ikingoja mpita njia. Sharti lake ni kwamba seva hiyo ikizimika, jengo zima halichapi, kwa hiyo ofisi inayochukua njia hii iwe na seva ya akiba, na ipange kazi zisizochukuliwa zifutwe baada ya saa kadhaa.

Jambo jingine ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Zamani kompyuta ilipounganishwa na printa mpya ilijivutia draiva kutoka kwenye seva bila mtumiaji kujua. Julai 2021 ilifichuka kasoro kubwa katika huduma ya uchapaji ya Windows, iliyojulikana kwa jina la PrintNightmare, ambayo ilimwezesha mvamizi kuendesha programu zake kwa mamlaka kamili ya mfumo, na mwezi uliofuata Microsoft ikaagiza kwamba kwa kawaida ni msimamizi pekee atakayeweza kusakinisha draiva kwa njia hiyo. Agizo hilo lilikuwa la haki kabisa. Walioumia ni wanaohamahama, ambao kila walipofika kwenye printa ngeni walidaiwa nywila ya msimamizi wasiyokuwa nayo. Najua zipo ofisi zilizoamua kulizima zuio hilo ili simu zipungue, nami nazisihi zilirudishe, kwa sababu kufanya hivyo ni kuacha mlango wazi kwa kuchoka kuzungusha ufunguo. Kazi inayotakiwa ni kusakinisha mapema, kwenye kompyuta zote, draiva za printa zote ambazo mfanyakazi anaweza kukutana nazo, na ikiwezekana kununua mashine za aina moja ili draiva moja itoshe. Printa nyingi za sasa zinaelewa itifaki ya IPP, yaani lugha ya pamoja ya kuchapa kupitia mtandao, ambayo haihitaji draiva ya kila kampuni, na ofisi inayonunua mashine mpya leo iulize jambo hilo kabla ya kuuliza kasi.

Niongeze neno kuhusu majina, maana ndiyo kazi ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Mgeni wa ghorofa akifungua orodha na kukuta majina yaliyojaa herufi na namba za kiwandani, atachagua kwa kubahatisha. Printa iitwe kwa mahali ilipo, kwa mfano “Ghorofa ya 3, karibu na ngazi za mashariki”, na jina hilohilo libandikwe juu ya mashine. Mashine ikiharibika na kubadilishwa, jina linabaki palepale na hakuna anayehitaji kuelekezwa upya.

Kwa wakuu wa ofisi nina ombi moja. Kabla hamjatangaza kwamba idara fulani itahama au kwamba madawati yatakuwa ya wote, mwiteni fundi na mumpe mchoro wa ghorofa, mumweleze nani atakaa wapi na nani hushika nyaraka za siri. Kisha, kabla ya siku ya kuhamia, mmoja wenu aketi kwenye dawati asilolizoea, aingie kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida isiyo na mamlaka yoyote, achape ukurasa mmoja wenye jina lake, na aende kuutafuta umetokea wapi.

Wako,
Fundi wa kompyuta