Kosa la HER2 huanzia kwenye chombo cha fomalini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme neno kuhusu kipimo cha HER2 wanachofanyiwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Huandikwa mara kwa mara kwamba kingamwili ya maabara "inagundua saratani". Sivyo. Kazi yake ni kunasa protini moja, HER2, ambayo hata seli za kawaida za titi zinayo, ila kidogo. Kinachotafutwa ni kama protini hiyo imezidi kwenye utando wa seli za uvimbe. Hapo ndipo huamuliwa kama mgonjwa atafaidika na trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998.

Jibu likitoka kombo, lawama hutupiwa chupa ya kingamwili. Mara nyingi chupa haina kosa, kinyama (kipande kilichokatwa kwenye titi ili kipimwe) kilishaharibika kabla ya kufika maabara. Tangu kikatwe mwilini hadi kizamishwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, isipite saa 1, maana vimeng'enya vya seli huanza kuila protini ileile tunayoitafuta. Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali inayodhibiti uchachu), ujazo wake walau mara 10 ya kinyama, nacho kikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa ni hasara tupu: fomalini hupenya milimita 1 hivi kwa saa, kwa hiyo nje hukaza huku katikati kunaoza. Lipasuliwe vipande vya milimita 5 hadi 10 mapema. Saa ya kukata na saa ya kuzamisha ziandikwe kwenye fomu, kwa sababu kinyama kilichochelewa hakina alama ya kumwambia msomaji wa slaidi kwamba kilichelewa.

Fomalini hiyohiyo huzifunga protini pamoja, na sehemu inayoshikwa na kingamwili hujificha. Ndiyo maana slaidi yenye ukanda wa kinyama wa mikroni 4 huchemshwa kwenye bafa, nyuzi 95 hadi 99, dakika 20 hadi 40 kadiri kingamwili inavyohitaji. Dakika zikipunguzwa kwa kuwa kazi ni nyingi, rangi ya kahawia inayoonyesha kingamwili iliposhika hufifia, na alama ya 3+ (alama ni 0, 1+, 2+ na 3+, kadiri rangi inavyokolea) husomwa 2+. Peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 3 huzima vimeng'enya vya tishu. Ikisahaulika, chembe nyekundu za damu hugeuka kahawia zenyewe. Slaidi isikauke kati ya hatua, kwani kingo zikikauka hushika rangi isiyohusiana na HER2.

Kingamwili isiyozimuliwa kiwandani haipimwi kwa macho. Jaribu 1:100, 1:200, 1:400 na 1:800 kwenye vinyama ambavyo alama zake zinajulikana, uchague kiwango kinachoacha 3+ imekolea na 0 safi. Toleo jipya likiingia, lilinganishwe na la zamani kabla halijagusa sampuli ya mgonjwa.

Chini ya hadubini, 3+ haina ubishi. Hata kwa lenzi ndogo kila seli imezungukwa na pete nzito ya kahawia, uvimbe mzima unafanana na wavu wa waya, na viini vya bluu katikati. Pete hizo zizidi asilimia 10 ya seli za uvimbe. Rangi iliyotapakaa ndani ya seli bila kushika utando haihesabiwi. 2+ haisemi ndiyo wala la. Hapo lazima jeni za HER2 zenyewe zihesabiwe. Tofauti ya 0 na 1+, ambayo zamani ilipuuzwa, leo ina uzito: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumab deruxtecan kwa saratani ya matiti iliyosambaa yenye 1+, au 2+ isiyo na ongezeko la jeni.

Tunasisitiza vinyama vya kulinganishia, ambavyo alama zake zinajulikana. Kiwepo cha 3+, cha 0, na hasa chenye rangi hafifu, kwa sababu hicho ndicho hupotea kwanza mambo yakienda mrama. Mifereji ya kawaida ya titi ikikolea rangi, kipimo kirudiwe.

Ripoti iliyoandikwa "HER2 hasi" tu haitoshi. Itaje alama, muda wa kukaa kwenye fomalini, na jinsi vinyama vya kulinganishia vilivyotoka. Daktari anayeipokea bila hayo airudishe maabara.

Wataalamu wa maabara ya patholojia