Shukrani kwa mzee wa maonyesho ya bunduki za kale

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani. Ni wewe uliyeishika bunduki yangu ya Kiingereza, Lee-Enfield ya mwaka 1917, kwenye maonyesho hapa Ontario, ukahakikisha haina risasi, ukatikisa kitako na kusema, "Hiki kinacheza."

Fundi mmoja alishaniambia nikaze tu bolti iliyo ndani ya kitako. Wewe ulinizuia. Kwenye toleo hili, Mk III*, ncha ya bolti ile ina pembe nne na imeingia kwenye kibati kilicho nyuma ya ubao wa mbele. Ukiizungusha kabla ya kuuvua ubao huo, unapasuka. Na ubao wa miaka mia na zaidi utaupata wapi? Basi nikaanza kwa kuuvua ubao wa mbele, kisha nikafungua kijilango kwenye kisigino cha kitako, nikachomoa kipande cha ngozi kilichojibana humo, ndipo bisibisi ndefu ikafika. Robo mzunguko tu, pembe zikakaa sawa na kibati. Kitako kimetulia tuli. Mafuta ya kitani napaka kidogo kidogo, vanishi siigusi, kama ulivyoonya (na ulionya kwa ukali kweli!).

Babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), akabeba bunduki ya aina hii katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo hukuniokolea pambo la ukutani tu. Ahsante sana, mzee, Mungu akuzidishie afya.