Barua kwa Mwanangu: Nguo ya Kuvaa Siku ya Usaili

Moshi

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, nami naitikia marahaba. Sisi huku hatujambo, baba yako yuko shambani kama kawaida yake. Nimefurahi kusikia kwamba jina lako limo katika orodha ya walioitwa Dodoma kwa nafasi ya Mhasibu Daraja la II, na kwa kuwa swali uliloniuliza ni la nguo, na nguo ndizo zilizokulipia ada, nitakujibu kwanza kama fundi cherehani, mambo ya mama yatafuata yenyewe.

Naona umezichanganya siku mbili ambazo hazifanani. Sekretarieti ya Ajira, inayoendesha usaili wa kazi za serikali, huanza na usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, na wanaoufaulu ndio wanaoitwa kwenye usaili wa mahojiano. Siku ya mchujo watu huwa wengi mno. Mtapanga foleni, mtakaguliwa vitambulisho, huenda mkasimama juani, na hakuna msimamizi atakayekuongezea alama kwa sababu ya koti. Siku hiyo vaa gauni la pamba au sketi pana na blauzi safi, pamoja na viatu vya chini ambavyo miguu imekwisha kuvizoea, na uchukue sweta, kwa sababu asubuhi za Dodoma miezi hii ya kiangazi zina baridi ambayo ninyi mnaoishi Dar es Salaam hamuitegemei, na upepo wake hubeba vumbi. Suti ibaki kwenye mfuko wake mpaka siku ya mahojiano.

Kuhusu suti yenyewe, umesema rafiki zako wanakushauri ununue mpya, nyeusi, Kariakoo. Sina ugomvi na Kariakoo, lakini suti mpya za bei ya chini nyingi zimeshonwa kwa poliesta tupu, na bitana yake ni poliesta pia, kwa hiyo ukikaa nayo kwenye benchi la kusubiria utaingia mbele ya jopo ukiwa umelowa kwapani. Isitoshe, pasi ikizidi moto kidogo tu, kitambaa hicho hung'aa kwenye kola na mapajani, na mng'ao huo hautoki tena. Kwa fedha hiyo hiyo au pungufu utapata mtumba mzuri pale soko la Karume, koti la sufu nyepesi lililoshonwa na mtu aliyejua kazi, kisha fedha inayobaki tuitumie kulirekebisha likukae.

Unapochagua, usianze na rangi. Anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako wa bega unapoishia. Kiuno nitakibana, mikono nitaifupisha, na pindo nitalishusha kama limeachiwa akiba ya kitambaa, lakini bega lililopitiliza linanilazimu kufumua mkono mzima, na mara nyingi koti halirudi kuwa koti lile tena. Baada ya mabega, ligeuze ndani nje uangalie bitana ya kwapani, maana hapo ndipo koti lililochoka linapojisema. Likunje kwa nguvu kiganjani kisha uliachie: kitambaa kizuri hujinyoosha, kibaya hubaki na makunyanzi. Mwisho toka nalo nje ya kibanda, kwa sababu chini ya taa ya muuzaji buluu iliyoiva na nyeusi ni rangi moja, na mabega yaliyopaushwa na jua hayaonekani.

Nyeusi sikukatazi, ila kumbuka lile vumbi. Kwenye nguo nyeusi kila chembe huonekana, na wewe utakuwa umetembea kutoka kituoni. Mimi ningechukua kijivu.

Umeuliza pia kuhusu gauni la kitenge nililokushonea wakati wa mahafali. Siwezi kukidharau kitenge, na wanaosema kwamba suti ndiyo vazi pekee la ofisini wamesahau upesi: enzi za Mwalimu wakubwa wa serikali walikwenda kazini na suti za Kaunda, za mikono mifupi na bila tai, na hakuna aliyewaona kuwa hawakuvaa. Desturi imegeuka, na huenda itageuka tena. Hata hivyo gauni lile lina mikono ya puto na maua makubwa kifuani, nililishona ili utazamwe, na siku ya mahojiano nataka wakusikilize unapoeleza hesabu zako. Lingekuwa la mkono wa kawaida na maua madogo, ningekutetea ulivae.

Sketi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi kuliko koti. Unaomba kazi ya serikali, na serikali ilitoa mwaka 2007 waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, ambao haukubali nguo za kubana, nguo fupi, wala zinazoonyesha mwili. Wewe bado si mtumishi, lakini watakaokuhoji wanaufahamu, na baadhi yao huenda wameusimamia kwa miaka mingi. Wasichana wengi hupima sketi wakiwa wamesimama mbele ya kioo, ilhali kwenye usaili mtu huhojiwa ameketi, na sketi iliyofika magotini ukiwa umesimama hupanda unapoketi. Kwa hiyo yako nitaishusha vidole vinne chini ya goti, na mpasuo wa nyuma nitauweka chini kabisa, utoshe tu kukuwezesha kupanda ngazi. Ukishaipata, ivae uketi kwenye kigoda kifupi kwa muda mrefu, huku ukizungumza na mwenzako; ukijikuta unaivutavuta, nirudishie.

Viatu viwe vya kufunika vidole, kisigino kifupi, na viwe vyako mwenyewe, maana kiatu cha kuazima humfanya mtu atembee kama mgonjwa. Mkoba nao ni sehemu ya mavazi. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi cha shahada, wala hawapokei hati za matokeo, hivyo tafuta mkoba unaobeba faili gumu bila kulikunja. Usiniambie utavishika mkononi.

Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kama tangazo lenyewe linavyosema, na kwa sababu hiyo sitaki umalize fedha kwenye nguo kisha ulale mbali na mahali pa usaili. Kwenye treni usilivae koti. Likunje kwa kugeuza bitana nje, uliweke juu ya mizigo mingine. Pasi za nyumba za wageni mara nyingi zina masizi chini, kwa hiyo beba kanga kuukuu, ilowanishe kidogo, uitandaze juu ya nguo kabla ya kupitisha pasi, nayo sufu haitang'aa wala kuungua.

Sasa fanya hivi. Ukipata koti usilifue, wala usihangaike kutafuta sketi ya rangi iliyo karibu na ya koti hilo, kwa sababu kijivu mbili zisizolingana huonekana kama kosa, ilhali sketi nyeusi chini ya koti la kijivu huonekana umeichagua. Kitambaa cheusi ninacho hapa. Litume koti kwa basi la Moshi, unipigie uniambie namba ya gari, na ndani ya mfuko uweke karatasi ya vipimo: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Mtu mwingine akupime, kwani ukiinama kujisomea futi vipimo hubadilika, na uwe umevaa viatu utakavyovaa siku hiyo. Likinifikia Jumatatu, Alhamisi nitakuwa nimeshalirudisha kwa basi pamoja na sketi.

Ni mimi mama yako.