Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu ya soka, Muheza

Ndugu wanachama, wazee wetu, wachezaji na wapenzi wa timu,

Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za jioni.

Msimu umekwisha na hatukupanda. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuingoja habari hiyo hadi mwisho. Tunabaki Daraja la Tatu, kwenye ligi ya mkoa, na bingwa atakayetuwakilisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa si sisi. Nyumbani hatukufungwa hata mechi moja. Pointi tumezipoteza ugenini, na nyingine zilipotea kabla gari halijaondoka stendi.

Nichukue mechi moja tu. Ilikuwa mwezi wa saba, machungwa yameiva. Mnaijua Muheza ya mwezi huo: mafuso yamejipanga barabarani, na kijana mwenye nguvu hakosi kibarua cha kuchuma au kupakia. Tulikuwa na mechi Tanga mjini saa kumi jioni. Kosta ilikuwa iondoke saa saba. Saa saba na nusu nikahesabu vichwa mle ndani: wachezaji tisa. Kipa wetu wa kwanza nilimwona kwa macho yangu juu ya fuso, machungwa yamemfika magotini. Aliponiona akainamisha uso. Mkewe alikuwa amejifungua siku nne kabla. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo.

Sheria inataka wachezaji wasipungue saba, basi tukaingia tisa, winga wa kulia akavaa glovu. Tulifungwa manne. Kipindi cha pili beki wetu mmoja akakamatwa na msuli, tukabaki wanane, na wanane hao walikimbia mpaka filimbi ya mwisho. Nahodha alizikusanya jezi akazihesabu moja moja kuzitia kwenye kiroba, asitake msaada wa mtu. Kijana wa namna hiyo nikisikia anaitwa hana nidhamu, naumia.

Wachezaji wetu hawaibiwi na timu kubwa. Wanachukuliwa na kibarua cha siku, na kibarua kinalipa jioni ileile. Sisi tulikuwa tunampa mchezaji nauli ya kwenda, ya kurudi mara nyingine akajitegemea, na chakula ni mpaka apatikane mwanachama wa kujitolea. Kwa hiyo kamati tendaji inawaomba mpitishe leo mfuko wa mechi za ugenini, utengwe na fedha nyingine. Kila ada inayoingia, nusu iende huko: nauli ya kwenda na kurudi, mlo mmoja wa kueleweka, na kifuta jasho kwa aliyeacha kibarua siku hiyo. Pia tumeandika barua kwa chama cha soka cha mkoa kuomba miezi ya machungwa tupangiwe ugenini Jumapili.

Mapato na matumizi ataya­soma mweka hazina. Mimi naongeza moja: waliolipa ada ya mwaka mzima hawafiki nusu yetu, na mwenye Kosta bado anatudai safari mbili.

Mtakuwa mmesikia kwamba tulifuatwa na mtu anayetaka kuinunua timu aihamishie mji mwingine. Ni kweli. Deni lote lingelipika kwa siku moja, na kamati imekataa. Timu ikishahama, hawa watoto wanaotufuata mazoezini na mipira ya makaratasi watamwangalia nani? Wanaosema timu ya mji mdogo haifiki popote wakumbuke Tukuyu Stars, waliotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Miaka miwili baadaye kombe hilo likaja mkoani kwetu, kwa Coastal Union.

Uwanja. Tumepiga chokaa kila mechi ya nyumbani, na mashimo ya katikati yamefukiwa. Nyavu za goli moja zilichanika vibaya na fedha ya mpya haikuwepo. Mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge kwa miaka mingi, alikaa chini ya goli lile siku mbili, akaziunga kwa kamba ya katani, fundo kwa fundo. Mpira haujapenya tena. Namwomba mzee asimame tumwone.

Mazoezi yanaanza Jumatatu saa kumi jioni. Kipa wa kwanza amenihakikishia atakuwepo. Kipa wa pili hana njumu, anavaa namba 42. Mwenye jozi nyumbani ampatie katibu kabla hatujatawanyika.